Nusura na Ajali: Juu ya Istilahi Moja ya Usalama wa Viwandani

Istilahi nyingi za elimu ya usalama viwandani zimekwisha kupata makao katika Kiswahili bila ya mabishano makubwa. Tunasema vifaa vya kinga, na mfanyakazi anaelewa kwamba ni glavu, miwani, buti na barakoa. Tunasema kihatarishi, neno ambalo wakaguzi wa Tanzania wamelieneza sana, na tunaelewa kwamba ni kile kitu chenyewe chenye uwezo wa kudhuru, kama pipa la asidi lililosimama kimya penye pembe ya ghala, tofauti na hatari, ambayo ni kadiri ya uwezekano wa pipa lile kumdhuru mtu. Lakini ipo istilahi moja ambayo hata leo mkufunzi anayefundisha kwa Kiswahili fasaha huifikia, akasita, kisha akaitamka kwa Kiingereza, nayo ni «near miss». Na mfanyakazi huondoka nayo darasani kama alivyoondoka na kofia aliyokabidhiwa siku ile, akijua kwamba ni mali ya kampuni na si yake. Makala haya yanakusudia kuitafutia istilahi hiyo jina la Kiswahili, na kuonyesha kwamba jina lenyewe tunalo, tena tunalitamka kila siku, ila hatujalipa kazi yake yote.

Naandika nikiwaelekea hususa watu wa Mraru, na wa Voi, na wa Taita Taveta kwa jumla, si kwa kuwa kwao kuna mitambo ya kemikali kuliko kwingine, la, bali kwa kuwa nchi yao imekaa penye njia ya vitu vyote vikali vitokavyo bandarini Mombasa kwenda bara. Chini ya milima ya Taita, katika tambarare ya Voi, hupita barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pamoja na malori yake ya mafuta, gesi, mbolea, dawa za wadudu na magadi makali. Hupita reli ya zamani na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Na hupita bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1978, ambalo lina kituo cha kusukumia mafuta pale Maungu, na ambalo mwaka 2018 lilipata mwenziwe mpya wa kipenyo cha inchi 20. Kijana wa Mraru aliyekulia shambani na malishoni hushuka kutafuta riziki, akaajiriwa katika kituo cha petroli, au ghala la dawa za kilimo, au kiwanda cha katani, au machimbo, au jikoni na dobini mwa hoteli ya watalii, na katika juma moja tu amekwisha kukabidhiwa vitu ambavyo nguvu zake hazionekani kwa macho. Huyo ndiye mwenye haja ya mafunzo kuliko mtu mwingine yeyote, naye hatayapata sawasawa ikiwa neno lililo muhimu kuliko yote amelisikia kwa lugha ya mbali.

Basi, ni nini hasa kinachokusudiwa kwa istilahi hiyo? Ni tukio la ghafula, lisilokusudiwa na mtu, ambalo halikumjeruhi yeyote, halikumdhuru afya, wala halikuharibu mali au mazingira, ilhali lilikuwa na uwezo wa kufanya yote hayo lau jambo moja dogo lingalikwenda vingine. Mkataba Na. 174 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kuzuia ajali kubwa za viwandani, umelieleza jambo hili kwa namna yake: tukio la ghafula lihusulo kitu cha hatari kimoja au zaidi, ambalo lingaliweza kukua likawa ajali kubwa, isipokuwa zilikuwapo athari, vitendo au mifumo iliyolipunguza makali. Tazama, msomaji, kwamba maelezo hayo hayaishii kwenye kule kutodhurika. Yanauliza pia juu ya kile kilicholizuia tukio lisikue. Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na tafsiri yoyote isiyokibeba kiini hicho haitufai.

Tafsiri zilizokwisha kujaribiwa ni kadha wa kadha. Wako wanaosema «kukosa kwa karibu», nao wamefuata maneno ya Kiingereza moja baada ya moja bila ya kusikiliza Kiswahili kinasemaje, kwa maana katika masikio yetu aliyekosa kwa karibu ni mwindaji ambaye mshale wake umempita swala, na huyo hana la kushukuru. Wako wanaosema «ajali ndogo», na hiyo ni tafsiri mbaya zaidi kwa sababu inapotosha: kidole kilichochubuka ni ajali ndogo, bali vali ya tangi la gesi iliyofunguka nusu dakika usiku, kisha ikafungwa, si ndogo hata kidogo, ingawa haikumchubua mtu kidole. Wengine husema «kuponea chupuchupu», msemo mtamu wenye uhai, unaofaa sana katika masimulizi na magazetini. Walakini msemo huo humtazama mtu aliyepona, na mkufunzi anataka neno litakalolitazama tukio, maana mtu amekwisha kwenda zake nyumbani na tukio limebaki kazini.

Linasalia neno ambalo kila mtu wa Voi hulitamka bila ya kufundishwa. Mfanyakazi akitoka penye mtungi uliopiga kelele ya ajabu, hasemi lolote katika hayo niliyoyataja, husema, «Nusura!» Nusura moto uwake, nusura nianguke, nusura yanimwagikie. Asili ya neno ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusaidia na kuokoa, na kutoka humo tumepata kunusuru, kunusurika na almanusura. Kwa hiyo katika neno hili moja mna mambo mawili pamoja: lile lililokuwa karibu kutokea, na kule kuokolewa kulikolifanya lisitokee. Hata mkataba ule wa kimataifa ulihitaji sentensi ndefu kuyaunganisha mawili hayo. Napendekeza basi tuseme «tukio la nusura», na kwa ufupi «nusura», katika ngeli ile ile ya nguo na nyumba: nusura hii imeripotiwa, nusura hizi zimechunguzwa. Masikio yatazoea upesi kuliko tunavyodhani.

Hata hivyo sitaki kuficha mushkili uliomo. Neno lililotoka katika maana ya wokovu huvuta shukurani, na shukurani, nzuri kama ilivyo katika dini zetu zote, ina desturi ya kulifunga jambo. Aliyesema nusura husema baadaye kwamba Mungu ni mwema, na baada ya hapo hapana mazungumzo tena. Fauka ya hayo, neno ajali lenyewe limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya muda uliopangwa, ule mwisho wa maisha usiotangulizwa wala kucheleweshwa, na kutoka huko wahenga wakatupatia kauli isemayo kwamba ajali haina kinga. Mtu aliyelelewa na kauli hiyo, akaingia kiwandani, akaonyeshwa vifaa vinavyoitwa vya kinga, ana haki ya kuuliza kinga gani tena. Jibu langu ni kwamba wahenga hao hao walisema tahadhari kabla ya hatari, na kwamba kauli ya kwanza ni ya kumfariji aliyefiwa, ya pili ni ya kumwongoza aliye hai. Aliye kazini bado yu hai, na ya pili ndiyo impasayo.

Na tutazame sasa jinsi nusura inavyokuwa, kwa mfano ulio karibu na macho yetu. Chukua lori la petroli lililofika katika kituo cha njiani saa nane za usiku. Kanuni zinajulikana: kwanza dereva huzima injini, kisha waya wa kuteremsha umeme tuli ardhini hubanwa kwenye chuma cha lori, ili cheche isizaliwe katika mtiririko wa mafuta, kisha tangi la chini ya ardhi hupimwa kwa fimbo ya kupimia, ijulikane nafasi iliyobaki, ndipo mpira ufungwe na vali ifunguliwe, na mtu mmoja asimame hapo asiondoke. Usiku ule kijana wa zamu ameisoma fimbo kwa mwanga hafifu, akakosea kipimo. Mafuta yanateremka, tangi linajaa kabla ya wakati, na petroli inafurika penye mdomo wa bomba ikatambaa juu ya saruji kuelekea mfereji. Dereva anasikia mlio umebadilika, anaikimbilia vali na kuifunga. Mchanga unamwagwa, unafagiliwa, na alfajiri hapana alama.

«Nusura iwake, mzee,» asema kijana.

«Mshukuru Mungu, kijana wangu. Lete karatasi nitie sahihi, Nairobi bado mbali.»

Mazungumzo hayo, ambayo hayana ubaya wala upumbavu, yameuzika msiba ukiwa mzima. Kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne. Haupandi juu ukapotea, bali hushuka, hutambaa, huingia mferejini na kusafiri mbali na pale ulipoanzia, na hupokea moto hata katika baridi iliyo chini ya ile ya barafu kwa digrii arobaini. Lau abiria mmoja wa basi lililoegeshwa upande wa pili angaliwasha sigara wakati ule, kituo kingalikwenda na waliomo. Jambo lililookoa watu usiku ule halikuwa mafunzo wala waya wala kanuni. Ni kwamba abiria yule alikuwa amelala.

Hapo napenda kuzigawa nusura katika mafungu mawili, kwa sababu mkufunzi asiyezigawa atafundisha kinyume cha anachokusudia. Fungu la kwanza ni nusura ya kinga: jambo lilikwenda kombo, lakini kizuizi kilichowekwa kwa makusudi kikafanya kazi yake, kengele ililia, vali ya usalama ikafunguka, au mfanyakazi aliyezoezwa akafanya alilozoezwa. Nusura ya namna hii yatupa habari njema na mbaya pamoja, kwamba kosa lipo, na kinga ipo. Fungu la pili ni nusura ya bahati: hapana kizuizi chochote kilichosimama kati ya tukio na msiba, ila upepo ulivuma upande wa pili, au mtu alikuwa amekwenda kuswali, au abiria amelala. Hiyo kwa hakika ni ajali iliyokamilika, iliyopungukiwa na majeruhi tu, na yafaa kuchunguzwa kwa uzito ule ule ambao ingalichunguzwa kama watu wamekufa. Swali la kumfundisha mfanyakazi mpya siku ya kwanza, kabla ya kumfundisha jina la kemikali yoyote, ni hili: «Ni nini kilichotuokoa?» Akijibu kwa jina la kizuizi, na akikague kizuizi hicho. Asipokuwa na jina la kutaja, ajue kwamba mahali pale hapana kinga.

Historia ya viwanda imejaa watu waliopewa nusura wasizipokee. Katika mji wa Bhopal nchini India, kiwanda cha dawa za wadudu kilikuwa na mvujo wa gesi uliomuua mfanyakazi mmoja mwezi wa Desemba 1981, na mwezi uliofuata mvujo mwingine ukawapeleka wafanyakazi zaidi ya ishirini hospitali. Mwandishi wa habari wa mji ule, Rajkumar Keswani, aliandika mwaka 1982 kuwaonya wenzake waziwazi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 maji yaliingia katika tangi la kemikali iitwayo methili isosayaneti, ikachemka, ikatoka. Mtambo wa kuipoza ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuichoma gesi itokayo haukuwa ukifanya kazi; maelfu ya watu walikufa, wengi wao wakiwa wakazi wa vibanda vilivyozunguka ukuta wa kiwanda. Kadhalika huko Texas City, Marekani, ambako tarehe 23 Machi 2005 mnara wa kiwanda cha kusafishia mafuta ulijazwa kupita kiasi ukatema mafuta ya kuwaka hewani kwa kupitia bomba la kutolea, wakafa watu 15, uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1994 na 2004 mvuke wa kuwaka ulikuwa umetoka mara nane kwa kupitia bomba lile lile la kutolea. Nane zile zilikuwa nusura, tena nusura za bahati, na kiwanda kilikuwa na takwimu za kujivunia za watu wasioumia vidole wala migongo.

Jambo hili la Texas City lafaa kuzingatiwa na kila anayefundisha, maana lasahihisha somo la zamani. Mtu wa bima aitwaye Herbert William Heinrich alitangaza mwaka 1931 kwamba kwa kila ajali moja ya kuumiza vibaya kuna ajali 29 za kuumiza kidogo, na matukio 300 yasiyoumiza mtu. Na tangu hapo wakufunzi wa dunia nzima wamechora piramidi yake ubaoni. Hesabu yenyewe imetiliwa shaka sana, wala haifai kuchukuliwa kama hesabu za mwendo wa jua. Lakini fikira iliyomo, kwamba msiba hutanguliwa na matukio yasiyoumiza, ni ya kweli, mradi tujue ni matukio gani. Kuhesabu walioteleza na kujikata hakuwezi kukuambia tangi litapasuka lini. Nusura za kemikali hutoka katika vali, vipimo, mipira, lebo zilizobanduka na mapipa yaliyobadilishwa matumizi, na hizo ndizo za kuandikwa.

Hapa kwetu Kenya mafunzo ya jambo hili yamelipiwa kwa damu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukawaua zaidi ya mia moja. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka katika mtandao wa bomba iliingia mferejini na kufika mtaa wa Sinai, Nairobi, na watu wakafa vivyo hivyo. Huko Tanzania, Msamvu ya Morogoro ilipata msiba wa namna ile ile tarehe 10 Agosti 2019. Katika yote matatu wengi wa waliokufa hawakuwa waajiriwa wa mwenye mafuta. Kwa hiyo nusura ya lori au bomba haiwezi kuwa siri ya kampuni. Jirani naye ana fungu lake katika mafunzo, na wanakijiji wa kando ya barabara kutoka Maungu hadi Voi na kwendelea wanastahili kufundishwa kwamba lori lililopinduka si riziki, na kwamba tone la mafuta lililoonekana kijitoni ni habari ya kupelekwa mbio kwa chifu.

Sheria haiko kinyume na haya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, Na. 15 ya mwaka 2007, iliyoichukulia nafasi sheria ya viwanda ya zama za ukoloni, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kila anapoona hali yenye hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa sababu ya kulalamika. Tena mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pana lazima ya kuwa na kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Walakini sheria haiwezi kuandika daftari. Kijana wa kile kituo cha petroli anajua kwamba akiripoti kosa lake la kuisoma fimbo huenda akafukuzwa kesho yake, na kwa khofu hiyo atanyamaza, na mwenziwe wa zamu ijayo ataisoma fimbo ile ile kwa taa ile ile hafifu. Marekani, mwaka 1976, walifungua njia ya marubani na waongozaji wa ndege kuripoti nusura zao kwa shirika la anga lisilo na mamlaka ya kuwaadhibu, na majina yao yakafutwa katika ripoti, habari zikamiminika. Mwajiri wa Voi hana haja ya shirika la anga. Ana haja ya kutamka mbele ya watu wote kwamba anayeripoti nusura yake mwenyewe haadhibiwi kwa nusura hiyo, na kulitimiza neno lake mara ya kwanza litakapojaribiwa.

Mraru si mahali pageni kwa habari ya watu wa kawaida kukaa pamoja wakaifanya taabu yao kuwa shauri. Katika miaka ya 1970 kikundi cha wanawake wa Mraru, waliochoshwa na mabasi yaliyowafikia yamekwisha kujaa ikawa hawapati kwenda Voi, walichanga fedha zao, wakakopa zilizopungua, wakanunua basi lao wenyewe, na habari zao zikasomwa hata ng'ambo. Taabu ile haikuwa msiba. Ilikuwa jambo dogo lililorudi siku baada ya siku, na wao wakakubali kulihesabu. Kuhesabu jambo dogo linalorudi ndiyo kazi yote ya daftari la nusura.

Basi nawasihi wakufunzi waache kuitamka istilahi hii kwa lugha ya watu, na wawafundishe wanafunzi wao kuandika mambo matano katika kila nusura: lilitokea nini, wapi na saa ngapi, kemikali ipi, ni nini kilichotuokoa, na ni nini cha kurekebishwa kabla ya zamu ijayo. Nawasihi waajiri walisome daftari hilo kila juma pamoja na kamati, na kuwarudishia walioandika jibu la lile lililofanywa. Na wewe uliye kazini leo, ukisema nusura, mshukuru Mungu wako kama ilivyo wajibu, kisha usitoke zamu kabla hujaiandika.